Mfungwa wa Kuazima

Mtu mwenye dhamiri safi hanunui rangi kwa kukimbia. Ndivyo alivyowaza Suti, aliyekuwa amejibanza chini ya feni katika duka la vifaa vya ujenzi, pale alipowaona askari magereza wakipakia ndoo za rangi kwenye lori huku Mkuu wa Gereza mwenyewe akiwafokea kama moto umewaka.

"Afande, kuna harusi?" Suti alimuuliza askari mmoja.

"Harusi ya wapi! Tume ya Uwajibikaji inakuja kukagua gereza. Mkuu hali, halali."

Uwajibikaji ni neno refu, na serikali hupenda maneno marefu kwa sababu huchelewa kufika mwisho. Masikioni mwa Suti lilikuwa tamu kuliko adhana ya futari. Huyu bwana hakuwa na kazi, ila alikuwa na suti tatu na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliokuwa ukilisha suti.

Dada yake, fundi cherehani aliyezishona suti zote hizo, aliposikia mpango aliondoa mguu kwenye pedali.

"Mdogo wangu, wenzako wanatafuta njia ya kutoka gerezani, wewe unatafuta ya kuingia?"

"Naingia kama mgeni tu, dada."

"Hata waliomo waliingia wakijiona wageni."

Asubuhi iliyofuata Suti alishuka langoni mwa gereza akajitambulisha kuwa afisa mtangulizi wa Tume. Mkuu, mtu wa tumbo lililotangulia kufika kila mahali, alipiga saluti hadi kofia ikaanguka.

Ukaguzi wa Suti ulikuwa wa neno moja: "Hmm." Jikoni alichungulia sufuria.

"Haya maharage yanatembea."

"Ndiyo dalili kwamba hayana kemikali, mheshimiwa."

"Hmm. Na mablanketi ya wafungwa?"

"Yamepelekwa kufuliwa."

"Lini?"

"Mwaka jana, mheshimiwa. Madoa yalikuwa sugu."

"Na televisheni waliyopewa na wafadhili?"

"Ipo sebuleni kwangu, kwa usalama. Unajua tena, gerezani kuna wezi."

Suti nusura acheke. Maisha yake yote alijiona bingwa wa mjini, kumbe kulikuwa na mabingwa wanaolipwa mshahara na kuvalishwa nyota mabegani. Alipofika karakana ya useremala, ambako wafungwa walikuwa wakipiga msasa kitanda na kabati la mbao ngumu, alisimama kwa muda mrefu.

"Tume itahitaji sampuli ya kazi za urekebishaji," alisema kwa huzuni ya kiserikali.

"Chukua zote mbili, mheshimiwa!"

Lori la gereza lilishusha sampuli hizo dukani kwa dada yake kabla ya adhuhuri. Dada alilipapasa kabati, akafungua droo, akaifunga.

"Umepata. Sasa tulia."

Lakini Suti alikuwa ameona pia seti ya viti. Ulimi wake haukuwa na kasoro yoyote, ila mwenyewe hakujua wakati wa kuufungia kinywani. Siku ya pili alirudi.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla Suti hajafika, Mkuu alikuwa amepiga simu kwenye Tume kushukuru kwa kuletewa afisa mwungwana kiasi kile. Tume ikamjibu kwamba haijamtuma mtu, na kwamba yenyewe itafika kesho. Mkuu alitaka kumkamata tapeli huyo hadharani. Kisha akakumbuka shida yake kubwa zaidi, akatabasamu kama mtu aliyeokota pochi.

Shida yenyewe iliitwa Tajiri wa Buti. Huyu aliliuzia jeshi buti zenye soli ya karatasi ngumu. Askari walipovuka mto mmoja wakatoka ng'ambo wakiwa peku. Alihukumiwa kifungo kirefu, magazeti yakapiga makofi. Ila kwa wema ambao Mkuu hakupenda kuuzungumzia, Tajiri alikuwa akikitumikia kifungo hicho nyumbani kwake, ghorofani, penye upepo. Na Tume ingehesabu vichwa.

"Karibu, mheshimiwa," Mkuu alimwambia Suti. "Nataka uone selo yetu ya mfano."

Suti aliingia, akatazama dari, akasema, "Hmm." Nyuma yake chuma kiligonga chuma.

"Mkuu, mlango umejifunga."

"Haukujifunga. Nimeufunga."

Suti aliingia choo cha kike, kama wasemavyo. Mkuu alimweleza kwa upole kupitia nondo: Tajiri wa Buti yuko nyumbani kwake, hivyo Tume ikija, Suti ndiye Tajiri; Tume ikiondoka, na yeye ataondoka. Akikataa, basi ataje jina lake halisi, na kosa la kujifanya afisa wa serikali atalitumikia mwenyewe, bila kuazimwa na mtu. Askari wakamvua suti, wakamvika sare.

Usiku, mle selo watu walilala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wakageuka. Karibu yake aliketi mzee mmoja, mahabusu, ambaye ndevu zake zilikuwa zimeota, zikaota mvi, yote akiwa humo humo.

"Umefanya nini, baba?" Suti aliuliza.

"Nilipita karibu na nyumba iliyoibiwa kuku, mwanangu. Sijawahi kufika mbele ya hakimu. Wanasema faili limepotea. Kuku wenyewe nadhani wameshakufa kwa uzee." Mzee alikohoa. "Nimekusikia ukizungumza na Mkuu. Una ulimi. Sisi tukisema, ni kelele za wafungwa. Kesho wakija, tusemee."

Suti alikuwa ameombwa mambo mengi maishani, zaidi kurudisha vitu vya watu. Kuombwa aseme kweli ilikuwa mara ya kwanza. Akamjibu mzee kwamba ataangalia la kufanya.

Tume ilifika na magari marefu na wapiga picha. Mwenyekiti wake, mama mwenye miwani ya bei, alipita akisifu rangi. Alisimama mbele ya Suti.

"Na huyu?"

"Tajiri wa Buti, mheshimiwa," Mkuu alisema. "Amebadilika sana."

Suti alimwona mzee akimtazama.

"Mama, mimi si Tajiri. Mimi ni tapeli."

Wapiga picha walicheka. Lakini Suti hakuweza tena kujizuia. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alisema Tajiri yuko kwake anapunga upepo. Alisema mablanketi yameuzwa na televisheni iko sebuleni kwa Mkuu. Alimshika mzee mkono akasema huyu hajawahi kuhukumiwa, mwulizeni. Alisema mwenyewe alikuja hapa juzi akijifanya afisa wa Tume.

Mwenyekiti aligeuka polepole. "Maskini. Ameanza lini?"

"Tangu ahukumiwe, mheshimiwa," Mkuu alisema akitikisa kichwa. "Majuto yamempanda kichwani."

Maisha yake yote Suti alidanganya akaaminiwa. Siku aliyosema kweli aliitwa mwendawazimu.

Ila mwenyekiti alikuwa ameona kamera. Aliweka mkono kifuani. "Serikali hii inajali! Mgonjwa huyu apelekwe hospitali leo hii!"

Mkuu alifungua kinywa, akaona taa nyekundu ya kamera, akakifunga.

Hospitali ya umma ilimpokea Suti kwa benchi. Daktari, waliambiwa, yuko kwenye semina ya kuboresha huduma. Muuguzi akamtazama askari msindikizaji. "Glavu na sindano hatuna. Nenda kanunue duka la nje." Askari alimtazama mgonjwa, akatazama foleni, akaenda. Suti alijifunga shuka la hospitali juu ya sare, akatoka kwa lango kuu akichechemea kwa adabu. Mlinzi alimwambia pole.

Jioni redio ikatangaza: Tajiri wa Buti ametoroka! Polisi walianza msako nyumbani kwake, si kwa ujanja bali kwa sababu palikuwa njiani. Wakamkuta kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

Siku ya kesi ya kutoroka, mahakama ilifurika. Hakimu, aliyenusa kitu, aliamuru wafungwa wote waletwe wahakikiwe mmoja mmoja, na ndivyo mzee wa kuku alivyomwona hakimu kwa mara ya kwanza. Kesi yake haikuwa na faili, wala shahidi, wala kuku. Aliachiwa. Alisimama nje ya mlango wa mahakama akiwauliza wapita njia nyumbani ni upande gani.

Kisha ikafika zamu ya Tajiri.

"Sikutoroka, mheshimiwa hakimu!" alipiga kelele, huku wakili wake akimvuta koti. "Mtu atatorokaje mahali ambapo hajawahi kulala hata siku moja?"

Wakili aliachia koti, akafumba macho.

"Na nani," hakimu aliuliza taratibu, "alikuwa akilala huko badala yako?"

Mahakama nzima iligeuza shingo kumtazama Mkuu wa Gereza. Mkuu alisimama, akashika paji la uso kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba nipelekwe hospitali."