Mbili na Mbili, na Kiti Changu

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea wiki mbili. Huu ni mwezi wake wa saba hapa! Na kiti changu cha kuegemea kakifanya urithi wa baba yake. Leo, akiwa kajilaza humo humo, kasema kwamba mbili na mbili ni nne ni jambo la kichwani, huwezi kulithibitisha kwa vitu. Nikamwambia naweza, tena mchana kweupe. Tukawekeana dau: nikiweza, anahama. Nikishindwa, kiti chake. Mwamuzi mama mkwe. Maskini shemeji, aanze kufunga mizigo.

Jumanne, 5 Machi
Sinia. Matone mawili ya maji, nikaongeza mawili. Yakakimbiliana! Mama mkwe akavaa miwani, akahesabu: moja. Nikasema maji hayana msimamo. Shemeji akakohoa tu. Kikohozi cha kejeli, nakijua.

Jumatano, 6 Machi
Leo vitu vizito. Ndoo mbili za kokoto, mbili za mchanga. Nikachanganya, nikapima upya. Tatu na kidogo! Nikadai nimeibiwa mchanga. Shemeji ni fundi mwashi, na alinibebea ndoo kwa furaha, ningeshtuka hapo. Akasema mchanga huingia kwenye nafasi za kokoto, kila mwashi anajua. Kiuno hoi.

Ijumaa, 8 Machi
Jana nilitia sungura wangu wawili na wawili wa jirani kwenye banda moja. Sungura hawaungani, hawajifichi. Asubuhi nikamwita mama mkwe kwa mbwembwe. Kumi na mmoja! Jike wa jirani kazaa saba. Nikasema watoto hawahesabiwi. Shemeji akauliza: wakitoka wanne nimethibitisha, wakitoka kumi na mmoja kosa la sungura, sasa hesabu yangu itakosea lini? Kumbe jibu nilikuwa nalo kabla ya kufungua banda. Imeniuma. Mama mkwe akasema pole mwanangu, kiti kimekwenda.

Jumapili, 10 Machi
Nakalia ndoo. Mke wangu kanisihi yaishe, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali kwa mdomo. Lakini jamani, kosa si langu, ni la vitu nilivyochagua! Sasa nimepata vigumu, visivyozaa: vipande vya barafu. Viwili na viwili, vinne, nimeviona kwa macho yangu. Safari hii dau ni kitanda. Nimevipanga kwenye sinia, uani, penye jua kali, ili mama mkwe avione vizuri. Anamalizia usingizi wa mchana, kisha anakuja.