Tausi Waliopeana Mgongo

Jumatatu, 2 Februari 1976

Balaa! Mama Goretti ametuma habari kutoka mtaa wa Juba Na Bari. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuona milaya ya Betty, shuka iliyotariziwa ya harusi. Huyu mama ni shangazi yake Romano, na Romano ndiye atakayemwoa dada yangu kabla ya Kwaresima, Mungu akipenda. Na Mama Goretti akipenda pia.

Tatizo: Betty hana milaya. Betty ni nesi. Sindano anazozijua ni za kuchoma watu. Shuka zote zilizotariziwa humu ndani, za kitanda na za kufunika viti, zimetoka mkononi mwangu mimi, Fortunato, mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege. Nilijifunza Uganda wakati wa ukimbizi, nilipovunjika mguu na sista wa hospitali akachoka kusikiliza malalamiko yangu. Akanipa kitambaa na uzi. Nikanyamaza. Sijaacha kutarizi mpaka leo.

Anayejua ni Betty tu. Vijana wa mizigoni wakijua, nimekwisha! Ndiyo maana siku ya posa, watu wa Romano waliposifu ua jekundu kwenye kiti, nilisema haraka kwamba ni kazi ya Betty. Nikaongeza kwamba anamalizia milaya kubwa ya harusi. Kwa nini niliongeza? Mdomo huu!

Betty amewaka. Amesema akiachwa kwa sababu ya uongo wangu, atanichoma sindano ambayo sitaisahau. Nimemwambia atulie, kila kitu kiko mikononi mwangu. Amesema hilo ndilo linalomtisha.

Jumanne, 3 Februari

Nimetoka kazini, nimefunga mlango, nimeshusha pazia. Redio chinichini. Shuka nyeupe mapajani, fremu ya duara imekazwa sawasawa, uzi wa buluu umeingia tunduni mara ya kwanza. Raha! Mizigo yote ya mchana ilishuka mabegani. Tausi wa kushoto amekamilika. Anatazama katikati kwa mapenzi, ingawa mwenzake bado hayupo. Kwenye milaya ya harusi ndege lazima watazamane. Wakipeana mgongo, watu husema nyumba hiyo itakuwa ya ugomvi.

Kisha nikachungulia nje. Kosa kubwa. Jirani yangu Keji ameanika milaya yake juu ya ua wa matete, upande wa barabara, mtaa wote wa Atlabara uione. Tausi wake wa kulia ana mkia! Kijani ndani ya zambarau, na jicho la dhahabu katikati. Mkia wa tausi wangu ni ufagio tu. Nimeshindwa kula chakula cha jioni. (Uongo. Nimekula, lakini bila furaha.)

Ndege yule lazima nimpate.

Alhamisi, 5 Februari

Mpango umefaulu! Au karibu umefaulu.

Jana niliuegemea ua wa Keji mpaka ukalala kidogo. Leo nikajitolea kuusimamisha, jirani mwema. Keji alipoingia ndani nikatandika karatasi nyembamba juu ya tausi wake, nikamfuatisha mzima, mdomo mpaka mkia, kwa ile kalamu ya mizigoni inayogeuka zambarau ikilowa. Keji akatokea. Nikatia karatasi ndani ya shati. Akasema sitaondoka bila chai. Akanikalisha karibu na jiko! Nilitoka jasho kama mtu mwenye malaria. Akaazima na mkasi wangu pia. Nani anaweza kukataa akiwa na ndege wa mtu tumboni?

Nyumbani nikafunua. Karatasi ilikuwa uji wa zambarau. Lakini tumbo langu! Tausi mzima, mkia na jicho lake, amejichapa ngozini.

Nilianza kumnakili kwenye shuka moja kwa moja, nikiinama. Betty akaingia. Hakushtuka, wodini ameona mengi. Akasema tu nisimame mbele ya kioo nichore ninachokiona huko. Nilicheka. Nesi anajua nini kuhusu kuchora?

Jumatano, 11 Februari

Siku tamu kupita zote. Kijani ndani ya zambarau, mshono baada ya mshono, kila mmoja umelala karibu na mwenzake. Mkasi bado uko kwa Keji, nakata uzi kwa meno. Nashona kipande kilichomo ndani ya fremu, kisha nasogea, na shuka iliyobaki naikunja mapajani isiguse vumbi. Nyuma nimepasafisha pia, hakuna fundo linaloonekana. Mama wa aina ya Goretti huanza kukagua nyuma.

Betty aliketi akanitazama. Akaniambia anampenda Romano, na kwamba anaogopa. Hajawahi kuniambia neno kama hilo. Nikashona haraka zaidi.

Ijumaa, 13 Februari

Tumetandika milaya kitandani tuione yote.

Tausi wamepeana mgongo.

Wa kushoto anatazama dirisha. Wa kulia anatazama mlango, kama mtu anayekwenda kumshtaki mwenzake kwa padre. Kumbe ndege aliyejichapa tumboni alikuwa amegeuka! Kumbe kioo kingemrudisha! Tena wa kushoto nilimgeuza mwenyewe: shuka ilikuwa imekunjwa mapajani, nikadhani ukingo ndio katikati. Betty hakusema chochote kuhusu kioo. Heri angesema. Alikaa kitandani, akafuta macho kwa upindo wa gauni la kazi.

Kufumua hakuwezekani tena, wageni ni kesho. Moyo umeniuma kweli. Lakini nimepata wazo! Kesho alfajiri nitashona kifaranga katikati yao. Hivyo itaonekana wazazi hawajagombana. Wanalinda mtoto, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Nina akili mpaka inanitisha.

Jumamosi, 14 Februari

Niandike pole pole.

Asubuhi nilikuwa chumba cha ndani namalizia mguu wa kifaranga. Mama Goretti alikuwa amesema atakuja jioni. Amekuja asubuhi! Romano nyuma yake, shati jeupe, uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilisikia Betty akiwapa juisi ya kerekede na maneno mengi ya hali ya hewa. Kisha Mama Goretti akasema amekuja kuona kazi ya mikono ya binti.

Betty akaingia kuichukua. Akavuta. Nikaja nayo.

Nilikuwa nimeshona kifaranga kwenye suruali yangu. Si mshono mmoja. Kifaranga mzima, na nyasi zake! Nikatafuta mkasi. Mkasi uko kwa Keji. Betty akavuta tena, tukasikia suruali ikilia. Mama Goretti akaita kuuliza kama milaya ni nzito kiasi hicho.

Tukatoka wote wawili. Betty ameshika ncha moja, mimi nimeivaa iliyobaki. Nilisema nimeona heri niwasaidie kuionyesha vizuri. Mama Goretti akainuka. Akashika pindo, akaligeuza kukagua nyuma, kama nilivyojua. Akakuta kaki ya suruali yangu.

Romano alitazama dari.

Nilifungua mdomo kusema jambo kuhusu upepo. Betty aliniwahi. Alisimama wima kama yuko mbele ya daktari mkuu, akasema, “Mama, mimi hapana jua kushona. Hata kifungo. Hii yote ni kazi ya kaka.” Sauti yake haikutetemeka.

Mama Goretti alinitazama kuanzia juu mpaka kwenye kifaranga. “Kijana,” akasema, “wewe iko mwanaume gani, unashona ndege na suruali pamoja?” Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Romano akacheka. Betty akacheka na kulia.

Alipopata pumzi akasema milaya kwao imejaa sanduku, hakuna aliyeomba nyingine. “Ni wewe ilisema iko milaya kubwa. Basi mimi ikakuja kuona. Mtu akisifia chakula, si unakuja kuonja?” Binti walimpenda tangu alipofunga kidonda cha mume wa Mama Goretti wodini, kila asubuhi, bila kukunja uso. Hayo ndiyo waliyoyataka. “Mafi mushkila,” akasema. Hakuna shida.

Hakuna shida! Siku zote hizi, hakuna shida! Nililia mbele ya watu. Sijali. Kifua kilifunguka, nikavuta hewa ambayo sijaivuta tangu siku ya posa.

Mama Goretti alichomoa sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanifumua mshono kwa mshono huku akinywa kerekede. Nilisimama wima, mikono juu. Akasema nyuma pamefanywa vizuri kuliko anavyofanya yeye. Kuhusu tausi kupeana mgongo, amesema ndoa yake mwenyewe imekaa hivyo miaka mingi na watoto wamekua. Kifaranga amempenda. Milaya ameichukua.

Romano alinishika mkono mlangoni. Akaniita shemeji. Betty aliniita mjinga, lakini taratibu, na akanimegea kipande kikubwa cha kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama.

Jumatatu, 16 Februari

Amani. Harusi ipo. Nimeapa kuachana na uongo. Hauna faida, unachosha, unaharibu suruali.

Jana baada ya misa nilimkuta Keji akimwambia padre habari za kiti cha altareni, kwamba Pasaka kinahitaji kitambaa kipya chenye nakshi. Nilimwahi! Nikamwambia padre kitambaa kimeshaanza kushonwa, tausi wawili, wanatazamana. Akauliza ni kazi ya nani. Vijana wa mizigoni walikuwa pale pale nyuma yangu. Nikasema ni ya Betty.

Betty hajaambiwa bado. Yuko wodini mpaka usiku.

Nimeanza leo, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, redio chinichini. Safari hii nimetumia akili. Suruali ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo nimeivua, nimeitundika msumarini. Nimebaki na shati tu. Raha! Mkia umekwisha mchana huu, kijani ndani ya zambarau.

Naandika haya nikiwa nimekaa, kwa sababu siwezi kusimama vizuri. Ncha ya shati imo ndani ya mkia.

Na mlangoni kuna mtu. Ni Keji. Anasema amekuja kurudisha mkasi. Nimejifanya sipo. Anasema anasikia redio. Nimemjibu, kwa sauti ya Betty, kwamba Fortunato hayupo.