Tumbo la Maharage

Jumatatu, 6 Machi 1978

Mwezi wa binti yangu Hyasinta ndio huu. Mimba ya kwanza. Mama mkwe wake, Germana, anataka azalie kwake Mbulumbulu. Eti hospitali wazazi hulala chini na uji wao ni maji ya kunawia. Mimi kifungua mimba wangu alifia nyumbani, mvua inanyesha, hakuna wa kumwita. Hyasinta hazalii nyumbani. Lakini kama Germana kasema kweli? Lazima nikaone.

Jumatano, 8 Machi

Mlinzi kanizuia. Eti nije jioni, saa ya kutazama wagonjwa. Jioni! Jioni kila mtu kashafagia. Asubuhi wanaingia wenye mimba tu. Basi nitakuwa nayo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimejaza maharage kwenye mfuko, nikaufunga tumboni kwa kanga mbili. Tumbo zuri! Mume wangu Yohani kauliza kama ni yale ya mbegu. Nikasema siyo.

Ni yale ya mbegu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeingia! Mlinzi kanipa pole. Vitanda vina shuka. Sakafu imepigwa deki. Uji mzito, una sukari. Nikaomba kikombe cha pili, nikasema mtoto anadai. Hapo nesi Rozalia akanilaza anipime. Akaweka tumboni kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mtoto. Kasikiliza weee. Kahamisha. Kabonyeza. Fundo likaachia, maharage yakatapakaa hadi chini ya vitanda. Wazazi walicheka mpaka mmoja akashikwa uchungu.

Nesi hakucheka. Alikaa kando yangu akauliza, "Mama, una nini?" Nikamweleza yote, hadi yule mtoto wangu wa siku ya mvua. Alinishika mkono.

"Mlete binti yako mapema, mama. Na siku nyingine uliza tu."

Maharage wakayaokota. Yameenda jikoni kwao.

Jumapili, 12 Machi

Nimepanda Mbulumbulu. Nikamwambia Germana uji ni mzito. Kasema uji wa mdomoni mwangu haumshibishi. Nikamwambia basi twende ukaunywe. Tumeshuka na tela la trekta, Hyasinta katikati yetu, kila mmoja kamshika upande wake.

Jumanne, 14 Machi

Msichana! Mzima, analia kama wa kwanza duniani. Hyasinta mzima. Nimelia, Germana kalia. Kisha Germana kala maharage ya wodini, kakomba sahani, kasema hospitali hii inajua kuchagua maharage.

Yohani bado anatafuta mbegu.

Jumatatu, 20 Machi

Germana kaanza tena. Eti kliniki watoto wananing'inizwa kwenye mizani, na kamba yake imechakaa. Mjukuu wangu! Haning'inizwi mahali sijapajaribu. Nesi alisema niulize. Nitauliza, nikishaona.

Boga nimeshalichagua. Nimelivika kofia, nimelibeba mgongoni, limetulia kuliko mtoto. Yohani kalitazama, kauliza kama hilo nalo ni la mbegu.

Nimesema siyo.