Mwalimu Kaandika "Kaa"

Jumatatu, 16 Februari

Nimeingia! Pesa ya bero, furushi la nguo za mitumba, mtaji wote wa meza yangu ya soko la Owino, sasa iko ndani ya simu. Nimenunua dhahabu ya mtandaoni, ile ya kubashiri bei. Okwir hajui. Mume wangu ni polisi, ana wezi wa kutosha, nimsumbue ya nini? Mwalimu Khisa, Mkenya anayetufundisha biashara hii kwa WhatsApp, ametupa wanyama wawili tu mpaka sasa: popo na kipepeo. Bei ikipanda na kushuka ikachora mabawa kwenye skrini, unanunua kwenye ncha ya mwisho. Hapo inageuka juu. Mimi nimemwona popo. Kabisa, mpaka masikio! Nikanunua, nikasali rozari.

Jumanne, 17 Februari

Popo hageuki. Anashuka tu. Babra, jirani yangu wa meza na mwenzangu wa kwaya, akauliza mbele za watu mbona blauzi zangu ni zilezile tangu Krismasi, zimekuwa ndugu zangu? Wakacheka. Tena akanikumbusha: mwenyekiti wa laini yetu ya meza amesema meza isiyo na mali mpya ifikapo Ijumaa inakatwa nusu, anapewa jirani. Jirani ni nani? Yeye! Kamba ya kupimia anayo tayari. Nimemwandikia Mwalimu: nitoke, au?

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Amejibu! Neno moja: "Kaa." Bwana asifiwe. Mimi ni mke wa polisi, nimezeekea kambi ya Nsambya, Kiswahili chetu ni cha amri. Ukiambiwa kaa, unakaa mpaka uambiwe simama. Nimekaa. Hata misani nilikaa, wenzangu wakiwa magotini. Babra akanifinya.

Alhamisi, 19 Februari

Bado nimekaa. Bei bado inashuka. Okwir akauliza mbona sahani yangu sijaigusa. Nikasema ni mfungo. Si uongo sana.

Ijumaa, 20 Februari

Banange! Sifuri. Bei imeshuka mno, programu imenifungia, pesa yote imekwenda. Nikampigia Mwalimu nikilia. Akashangaa. Eti kaa ni mnyama! Wa baharini, ana makoleo mikononi, anatembea kwa ubavu. Maana yake bei itashuka mbali kuliko popo, kimbia mama! Sasa mtu wa Nsambya angemjulia wapi? Sisi tuna ziwa, tunakula samaki ngege. Mchana Babra amepima, amekata. Nusu ya meza ni soksi zake. Akaniambia pole dada, Kwaresima ni wakati wa kutoa. Okwir nimemwambia bero limekwama mpakani.

Jumatatu, 23 Februari

Nimejifunza. Ni kweli, nimejifunza! Usiweke shilingi kwa mnyama usiyemjua. Nilikuwa nimeapa kuacha kabisa. Lakini asubuhi Mwalimu ameandika kwenye kundi: "Jamani, Papa anakuja." Machozi yakanitoka. Huyu wala si mnyama! Huyu sina haja ya kumuuliza mtu; picha yake iko ukutani kwangu, amevaa nyeupe, ananibariki kila nikipita. Nimempangisha Babra ile nusu iliyobaki, kodi yote nimeiingiza kwenye dhahabu. Akauliza sasa mimi nitauzia wapi. Nikamwonea huruma. Mkatoliki mzima, anaimba sauti ya kwanza, na imani hana.