Ndege ya Saa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Mama mkwe anataka kuja. Si kwamba simpendi. Tatizo ni kabati. Nilipomwoa binti yake nilimwahidi mama huyu kabati la milango mitatu, kazi ya mkono wangu mwenyewe. Tangu hapo kila akipiga simu namwambia limekwisha, limebaki kupakwa rangi tu. Kweli yenyewe: limesimama karakana bila mlango hata mmoja. Mke wangu kasema mama akilikuta vile, yeye anahamia kwa dada yake.

Nikapata akili. Mama mkwe hajawahi kupanda ndege. Nikampigia nikamwambia, kwa sauti ya huruma, kwamba safari ni ndefu, ndege ni saa tisa. Akasema saa tisa, basi sawa. Nimemmaliza!

Jumanne, 5 Machi

Mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo dada, kapita karakana. Mjuaji! Eti kati ya miji yetu ni kilomita mia saba, ndege inaruka saa moja na nusu, hata soda huimalizi. Nikamwomba asimwambie mama. Akacheka, akaligonga kabati. Rafu ikaanguka. Mtu ana kigari chake, basi anajiona rubani.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe kakata tiketi! Ijumaa! Mke wangu kasema mama anashukuru sana nilivyomtajia mapema saa ya ndege. Nikakaa. Juu ya randa, makali yake yakiwa juu.

Nikaomba kuiona hiyo tiketi kwenye simu. 9:00. Saa tisa, vilevile nilivyosema! Uongo wangu umegeuka kweli. Basi nina Ijumaa karibu yote ya kumalizia kazi. Nitampokea mwenyewe uwanjani, mwanyumba abaki na kigari chake.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimesimama, randa haijanisamehe.

Asubuhi nilipachika mlango wa tatu. Nikaingia ndani ya kabati kukaza bawaba. Mlango ukajifunga. Kitasa kiko nje. Mlango wangu wa kwanza kufunga sawasawa, nami niko ndani! Nikatulia. Saa tisa bado sana.

Mara sauti ya mwanyumba. Kisha ya mke wangu. Kisha ya mama mkwe! Anaeleza kwamba saa tisa niliyomwambia hakuipata, karani kampa ya saa tatu asubuhi. Kumbe ile 9:00! Ameshuka, kanisubiri uwanjani na mizigo yake, mpaka mwanyumba akaenda kumchukua. Niliona aibu, nikatamani kabati lisifunguliwe tena.

Likafunguliwa. Nikasema karibu mama. Akanitazama juu mpaka chini, akasema kweli ni kabati imara, mkwe mzima anaenea. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Hahami!

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kalipenda. Anataka lipelekwe kwake kwa lori, Jumamosi ijayo. Balaa! Droo zake za chini ni sura tu nimezibandika, nyuma yake hakuna droo!

Nikapata akili. Nikamwambia, kwa sauti ya huruma, kwamba barabara ni ndefu, lori ni saa kumi na mbili. Akasema saa kumi na mbili, basi sawa.

Nimemmaliza.