Maji ya Kahororo

Jumamosi, 3 Mei 2025
Leo nimemshinda Ma Verdiana. Tunapakana vibanja, na tangu awe mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, kijiji kizima cha Kaagya hatupumui. Bwana mifugo katuletea chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Kasisitiza maji ya chemchemi. Eti ya bomba yana dawa, na dawa hiyo inaua chanjo. Nikacheka kimoyomoyo. Dawa iue dawa? Verdiana kateka chemchemini, pale pale wanapokunywa ng'ombe. Mimi nimefuata dumu zima la maji ya bomba kwa kaka yangu anayekaa Kahororo, mjini, nikarudi nalo kwa bodaboda. Meupe, yananukia dawa kabisa. Kuku wangu kumi na sita wamekunywa maji ya mjini.

Jumapili, 11 Mei
Wazazi wa mchumba wa binti yangu Annastella watatoka Muleba tarehe 25 kuja kujitambulisha. Baada ya misa nimetangaza kwamba watakula kuku wa banda langu, kila mgeni na paja lake. Mke wangu Jovita kanivuta shati. Sikugeuka.

Jumanne, 20 Mei
Kuku watatu wanasinzia. Mabawa chini, kinyesi cha kijani. Jovita anasema kideri. Mimi nasema shibe. Bwana mifugo kapita, kasema kideri hakina tiba, wanaokufa niwafukie, nisile wala kuuza, na viatu hivi nisivipeleke banda la mtu. Kauliza nilitumia maji gani. Nikamjibu kwa fahari. Kaandika kitu kwenye daftari lake, kakipigia mstari mara mbili. Nadhani nimemvutia.

Ijumaa, 23 Mei
Nimefukia wa kumi na tano chini ya migomba. Kabaki jogoo mmoja, shingo imepinda, anatazama mbinguni. Kwa Verdiana hakuna hata anayepiga chafya. Annastella kaniuliza wakwe watakula nini, akaanza kulia. Nimeumia sana.

Jumapili, 25 Mei
Asubuhi Verdiana kapitisha kuku sita juu ya ua, wamekwisha kunyonyolewa. Hakukanyaga kwangu, anaogopa kubeba ugonjwa. Hakusema neno la kunisuta. Hilo ndilo lililoniuma.

Wageni wamekula mpaka wakalegeza mikanda. Uchumba umekubaliwa, Annastella anacheka tena. Kisha mkwe, Mzee Kyaruzi, kaniuliza siri ya kuku wanono hivi. Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Nikasema ni maji tu. Jovita kapaliwa na lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Kumbe Mzee Kyaruzi naye anafuga. Kuku mia mbili, na wiki ijayo anawapa chanjo. Ningewezaje kumnyima, mtu anayekuwa ndugu yangu? Nimempigia kaka yangu ajaze madumu mawili, Jumatano yaende Muleba na basi la kwanza. Nimemsihi achote asubuhi, dawa inaponukia zaidi. Lile dumu langu, nimegundua, lilikuwa na dawa kidogo mno.