Nimetaja umri wa dukani, nikawekwa na wajawazito

Leo nimeadhirika mchana kweupe, jamani.

Kisa ni hili joto. Mwaka mzima nalowa jasho ghafla dukani, moyo unanidunda, usingizi sipati. Kila zahanati napimwa malaria. Hakuna malaria. Napewa panadol. Nikasikia Mabawa kuna kituo kina daktari wa wanawake wanaokoma hedhi. Nikaenda. Nikakagua nyuso za kwenye benchi, nikarudia. Hakuna anijuaye, alhamdulillahi. (Ndani sikukagua.)

Nesi wa mapokezi, binti mdogo: "Shikamoo mama. Una miaka mingapi?"

Mimi nauza kanga Makorora. Kwetu bei ya kwanza si bei. "Arobaini," nikasema. (Nina hamsini na mbili. Nilitegemea atapandisha.)

Hakupandisha! Akaandika.

"Mara ya mwisho kuona siku zako?"

"Mwezi wa tano huu, kimya."

"Hongera mama! Ila umechelewa kuja. Chumba cha pili."

Hongera? Nikadhani ndiyo adabu ya hapo. Naingia, chumba kizima matumbo!

Nesi wa humo kanipokea kwa ukali: "Baba yuko wapi? Hudhurio la kwanza mnakuja wawili."

"Yuko makaburini."

"Anafanya kazi huko?"

"Amelala huko. Mwaka wa tatu sasa."

Wajawazito wote wakageuka, na matumbo yao. Mmoja nikamwona anahesabu kwa vidole.

"Mkwe?! Subhanallah!"

Nani huyo? Bi Mwanahamisi, mama mkwe wa binti yangu, kamsindikiza mdogo wake! Na joto nalo likachagua saa hiyo hiyo. Jasho chapachapa.

"Mpisheni huyo, anataka kutapika!" akapiga kelele.

"Sitapiki! Nina hamsini na mbili! Nakoma hedhi!" Hadi mlinzi wa getini kasikia. (Tangu nizaliwe sijawahi kujipandisha bei mwenyewe.)

Nikahamishiwa kwa daktari niliyemfuata, mama mtu mzima, kacheka hadi kafuta machozi. Kisha akanisikiliza. Kaniuliza usingizi, moyo, hasira, hata mambo ambayo dada yangu simwambii. Kanipima presha na damu. Kanieleza si malaria wala si jini, na dawa ipo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mnaolowa jasho wenzangu, nendeni. Umri tajeni wa kwenye kitambulisho.

Nimerudi nyumbani, jirani kaniwekea mlangoni embe mbichi na chumvi, "za mama kijacho."

Nimezila zote. Na msinicheke, zilikuwa tamu.